Uwanja wa Michezo: Ni Nani Aliyetoka Mahali Pake?

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwaka wa 1891 na Mwalimu James Naismith katika chuo cha Y.M.C.A. huko Springfield, Marekani. Katika kanuni zake 13 za kwanza alikataza kusukuma, kushika na kupiga kikumbo. Chama hicho kina tawi lake Shauri Moyo, na mchezo wenyewe umeenea katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Lakini neno moja huzusha ugomvi kila mara: mshambuliaji aruka kukiendea kikapu, miili yagongana, na watazamaji wapaza sauti, "Faulo!"

Yafaa ifahamike kwamba kugongana peke yake si kosa. Mwamuzi hana budi kuuliza: ni nani aliyetoka mahali pake? Kanuni za FIBA, shirika linalosimamia mchezo huu duniani, humhesabu kila mchezaji kuwa yumo ndani ya mfano wa pipa lisiloonekana, ambalo hupanda juu pamoja naye. Mlinzi aliyewahi kusimama kwa halali, miguu yote miwili chini na uso ukimwelekea mpinzani, aweza kuinua mikono wima, hata kuruka wima, wala asihesabiwe kosa. Lakini akiinamisha mikono mbele, au akiruka kwa mshazari na kumgonga mwenziwe, haki hiyo ameiacha.

Mshambuliaji naye ana haki yake. Aliyekwisha kuruka apewe nafasi ya kutua mahali palipokuwa wazi aliporuka. Katika uwanja wa saruji, kumwingilia mtu chini ya miguu ni kumtakia mvunjiko wa mfupa. Tena, chini ya kikapu ipo nusu duara ya mita 1.25, mlinzi aliyesimama humo akigongwa na mshambuliaji aliye hewani, mshambuliaji hahesabiwi kosa, isipokuwa ametumia mikono, miguu au mwili isivyo halali.

Hukumu hii si jambo dogo. Firimbi ikikosea, mshambuliaji hupewa mitupo isiyo haki yake, na mlinzi akifikisha makosa 5 hutolewa mchezoni. Kijana anayeadhibiwa kwa kusimama wima hujifunza mambo mawili mabaya: ama kuwapisha wapinzani, ama kuwapiga kweli, maadamu adhabu ni ile ile. Na mwenziwe hujifunza kujiangusha na kulia.

Basi, enyi waamuzi, msiufuate mpira kwa macho. Mtazameni mlinzi, tena simameni pembeni mpate kuiona nafasi iliyo kati ya watu wawili. Nanyi watazamaji, tizameni kwanza ndipo mseme. Na ikiwa hawatanyamaza, mwamuzi akumbuke kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.