Mtambo Mkuukuu Usiuzwe kwa Kilo

Kuanzia Januari 2013, sheria ya Marekani ilizitaka redio za biashara zitumiazo megahezi 150 hadi 174 zipunguze upana wa njia zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Mitambo mingi mikuukuu ya vituo vikuu haikuweza, ikaachwa. Je, itupwe? La. Wanaredio wa ridhaa wenye leseni huigeuza kuwa ripita: kutoka mlimani hupokea sauti hafifu na papo hapo kuirusha upya kwa nguvu. Katika bendi ya meta 2, masafa hayo mawili aghalabu hutofautiana kwa kilohezi 600 tu. Pasipo vichujio madhubuti, mtambo hujiziba masikio wenyewe. Kulitatua tatizo hilo kwa mikono ni somo la fizikia lisilopatikana katika kifaa kipya kisichofunguliwa.