Mafunzo ya mtandaoni yasiwafungie nje wenye ulemavu

KWA vijana wengi wa Kangeta, Kaunti ya Meru, riziki hutoka kwenye zao moja: miraa. Uingereza ilipoipiga marufuku mnamo 2014, na Somalia ikasitisha kuinunua kati ya 2020 na 2022, wakazi wa Igembe waliionja hatari ya kutegemea soko wasilolimudu.

Njia mbadala inayohimizwa na serikali ni mtandao. Mpango wa Ajira Digital, ulioanza 2016, huwafunza vijana kazi za intaneti, na mnamo 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati ya kufundisha kwa njia hiyo.

Anayestahili kunufaika zaidi ni kijana mwenye ulemavu, ambaye huenda hawezi kupanda mti wa miraa wala kusafiri kila siku hadi chuoni. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Wakenya wa aina hiyo, wenye umri wa miaka mitano na zaidi, ni zaidi ya 900,000.

Hata hivyo, mambo yanayoonekana madogo yaweza kumfungia mlango. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti; somo likiwa ni picha ya ukurasa, programu hiyo hunyamaza. Kiziwi hutazama video isiyo na manukuu wala Lugha ya Ishara akaambulia midomo inayocheza. Naye mwenye mikono dhaifu hukatizwa mtihani kabla hajamaliza kuandika.

Sheria si haba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, maandishi ya nukta nundu na vifaa vinavyomfaa. Mnamo 2022 Kenya ilipata kiwango cha kitaifa, KS 2952, kuhusu teknolojia inayofikiwa na wote. Mei 2025, sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini kuchukua mahali pa ile ya 2003.

Kinachohitajika ni kuzitekeleza mapema, wakati kozi inapoagizwa. Kueleza picha kwa maneno somo linapoandaliwa ni kazi ya dakika chache. Kurekebisha mamia ya masomo yaliyokwisha kulipiwa ni gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Isitoshe, faida haiishii kwa walemavu. Maandishi kamili ya somo la video humfaa pia mkulima wa Kangeta anayehesabu kila shilingi ya bando.

Taasisi ya umma isilipie kozi yoyote kabla haijajaribiwa na wasioona na viziwi wenyewe. Watu hao hawako mbali: katika kaunti hiyo hiyo, Igoji, ipo Shule ya Wasioona ya St Lucy's. Kozi ikiwashinda wahitimu wake kuifungua, mwenye kasoro ni aliyeiandaa.