Msiwafungie watoto ndani masika, wapelekeni wakaone maua na wadudu

Ndugu msomaji, kila mvua zinapoanza huku Tandala, kuanzia Novemba hadi Aprili, utasikia kina mama wakiwapigia watoto kelele: "Usiende majanini, utaumwa na wadudu!" Hofu hiyo naielewa. Lakini mtoto anayeshinda ndani karibu na moshi wa kuni, milango imefungwa kwa sababu ya baridi, afya yake nayo iko hatarini. Mimi naona mtoto afundishwe kuwatambua wadudu mmoja mmoja, asifundishwe kuwaogopa wote kwa jumla. Watoto wetu madrasa wanasoma sura za nyuki, sisimizi na buibui, yaani An-Nahl, An-Naml na Al-Ankabut, na wengi wao hawajawahi kusimama hata dakika moja kumtazama nyuki akiwa kazini.

Tokeni naye kama saa nne asubuhi, jua likishapasha majani. Anzeni na pareto, maana haiko mbali na nyumba zetu. Mwonyeshe lile ua jeupe lenye kitovu cha njano, umwambie kuwa ndani yake mna sumu ya kuulia wadudu, na kwamba dawa nyingi za kupuliza asili yake ni ua hilo. Kiwanda chake kipo Mafinga. Akishalichuma anawe mikono kwa sabuni, kwani ngozi za baadhi ya watu huwashwa.

Mwenye uwezo apande na familia hadi uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake okidi ni aina 45. Mtazameni mdudu anapoingia kwenye okidi: anaweza kutoka amebandikwa kidonge cha chavua mwilini, akakipeleka kwenye ua jingine bila kujua.

Hapa nina lawama kidogo. Wapo wanaochimba viazi vya okidi na kuviuza kwenda Zambia, ambako huvitwanga pamoja na karanga wakapata chakula kiitwacho chikanda. Jirani zetu wamekila tangu zamani, siwalaumu. Nawalaumu wanaochimba kilima chote. Ukichimba kiazi mmea umekwisha, na mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, haioti mpaka ikutane na aina fulani ya ukungu ardhini. Kwa hiyo mzazi, katika matembezi hayo usimpe mtoto jembe.

Sasa wadudu wenyewe. Nyuki akimuuma mtoto, ondoeni mwiba haraka, osheni kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi. Lakini midomo ikivimba au akipumua kwa shida, msisubiri dawa ya jirani, kimbieni hospitali. Kiwavi mwenye manyoya asishikwe. Yupo pia mdudu mwembamba kama sisimizi, mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, ambaye wengi humwita Nairobi fly. Huyu haumi wala hana mwiba. Sumu yake imo mwilini, na anayeunguza ngozi ya mtoto ni yule mkubwa anayempiga kofi mdudu akiwa shingoni! Mpulizeni aondoke, au mkung'uteni kwa karatasi, kisha osheni mahali alipopita, na mtoto asijisugue macho.

Mkirudi nyumbani, hasa kama mmepita malishoni, mvueni mtoto nguo mzikung'ute nje. Mkagueni nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kinenani. Mkikuta kupe, msimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kijinga cha moto, kama wengi wanavyofanya. Mshikeni kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvuteni polepole bila kumzungusha, kisha osheni kwa sabuni. Mtoto akishikwa na homa siku zinazofuata, mpelekeni hospitali na mumweleze daktari kwamba aliumwa na kupe.