Ada na Haki ya Kuuliza

Chama cha wataalamu chaweza kukosa jengo, kikakosa mwandishi wa kulipwa, hata kikakosa jarida kwa mwaka mzima, na bado kikawa chama. Kikikosa ada, kimebaki jina. Wanachuoni wengi wa Kiswahili huambiwa neno hili wakacheka. Husema ati ada ni mambo ya vilabu vya mpira na vikundi vya ngoma. Ati kazi ya elimu ni kutafutiwa mfadhili. Ati ni aibu mtu mwenye shahada ya juu kufukuzana na wenziwe kwa ajili ya shilingi elfu ishirini. Fikira hii imekwisha kukidhuru Kiswahili vya kutosha, na haifai kuachwa ikapita kana kwamba ni hekima.

Wenye dharau hii wangefaidika kama wangekwenda Tanga, wakaingia Ngamiani. Mtaa huu, ambao barabara zake huitwa kwa hesabu, ya kwanza, ya pili, hata ya ishirini, una maarifa ya kuendesha vyama kuliko idara nyingi za vyuo vikuu. Tanga ndio mji uliozaa African Sports mwaka 1936 na Coastal Union mwaka 1948, na ndio mji ambao vikundi vyake vya taarabu, Black Star na Lucky Star, vilishindana kwa nyimbo mpaka sifa zao zikavuka mipaka ya nchi. Lakini mfano ulio bora zaidi ni mdogo kuliko hivyo vyote, nao ni upatu. Wanawake kumi na wawili wa barabara moja hukubaliana kiasi, siku na zamu. Kijumbe hupokea fedha mbele ya macho ya watu, huandika katika daftari, na jioni ileile huzikabidhi kwa mwenye zamu. Aliyechelewa hufuatwa nyumbani kabla hajalala. Kijumbe hana shahada ya uhasibu. Walakini hasomi hesabu kwa lugha isiyofahamika na wachezaji, wala hawaambii wangoje mpaka mwakani, katika hoteli ya mji ambao nauli yake ni ya ndege. Kila aliyetoa ana haki ya kuuliza, naye huuliza, tena kwa sauti.

Historia ya Kiswahili yenyewe yaonyesha hasara ya kuikosa haki hiyo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930 kwa fedha za serikali nne, za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Ilifanya kazi kubwa, na kamusi zilizotoka mwaka 1939 ni ushahidi ambao hata wapinzani wake hawawezi kuukana. Lakini ilikuwa kamati ya serikali, haikuwa chama cha walipa ada. Katika miaka yake ya kwanza haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 1942, yakaenda Makerere mwaka 1952, yakapita Mombasa, hatimaye mwaka 1964 kazi yake ikaingizwa katika chuo kikuu kilichokuwa kikikua Dar es Salaam. Katika safari hiyo yote msemaji wa Kiswahili wa Tanga au Lamu hakuwa na mkutano wa kusimama na kuuliza kwa nini. Ni kweli kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuja kuwa mjumbe wa Kamati hiyo. Mjumbe mmoja, hata awe na kimo chake, hakuweza kuwa badala ya maelfu.

Yasisemwe kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na ugomvi wa fedha ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Iliyofufuliwa baadaye imepata taabu ya michango inayokawia, na Kamisheni ya Kiswahili iliyo Zanzibar hula katika sahani hiyohiyo. Mwanachuoni anayeitazama serikali kama kisima kisichokauka hajapata kuteka maji mwezi wa mgao.

Sasa vimetokea vyama vya watu wenyewe. Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani kilianzishwa mwaka 2012, na Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki hukutanisha walimu wa nchi zetu. Kuwako kwa vyama hivyo ni jambo la kushukuriwa. Linalosemwa hapa halimshitaki mtu wala halikitaji kimoja kati yao. Lahusu chama chochote cha kimataifa kinachojinasibu na lugha hii, halafu kikapanga ada yake kwa kuutazama mfuko wa aliye mbali.

Ichukuliwe ada ya dola 50 kwa mwaka. Kwa profesa wa chuo cha Marekani hicho ni chakula cha jioni cha watu wawili. Kwa kiwango cha karibu shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 125,000 za Tanzania. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Basi ada hiyo ni robo kamili ya mshahara wa mwezi wa mtu huyo, hata baada ya nyongeza. Tena hajafika kwenye benki, ambako kutuma fedha ng'ambo kuna gharama yake, na kiasi kikiwa kidogo gharama hulingana nacho au hukizidi. Mwalimu wa sekondari Ngamiani, mwenye diwani ya mashairi sandukuni na masikio yajuayo Kimtang'ata kuliko kamusi yoyote, huzuiwa mlangoni na kadi ya benki asiyokuwa nayo. Kisha chama hushangaa kuwa wenyeji wa lugha hawajitokezi!

Udhuru wa ugumu wa njia hauko tena. Fedha za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kijumbe wa upatu amekwisha kuzizoea, na mweka hazina mwenye udaktari bado anaandika namba za akaunti ya ng'ambo. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza huduma za ndani ya nchi kutajwa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni. Chama kinachofanya kongamano lake Dodoma au Zanzibar, kikamtoza mwenyeji kwa dola, hakina tena hata kisingizio cha mazoea.

Wako wanaojibu kwamba tofauti za nchi zimekwisha kutazamwa. Chama cha Kimataifa cha Elimu ya Jamii, kwa mfano, hugawanya nchi katika makundi matatu, A, B na C, kwa kufuata hali ya uchumi wake. Utaratibu huo ni bora kuliko kutokuwa na utaratibu, lakini una kasoro: hupima nchi, haupimi mfuko. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania katika orodha ya nchi za kipato cha chini ikaiingiza katika kipato cha kati. Mwalimu wa Ngamiani hakuongezewa hata senti siku ile. Na katika nchi ileile maskini yumo profesa mwenye kazi za ushauri zinazomlipa kwa siku moja kuliko mwalimu huyo kwa mwezi, naye hulipa ada ya maskini bila kuona haya. Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani hupanga ada kwa kipato cha mwanachama mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ya haki, ingawa humlazimu mtu kusema kweli juu ya mshahara wake, jambo ambalo wasomi hawalipendi.

Watasema ada ndogo haitoshi. Haitoshi kwa nini? Wanachama 300 wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja, hizo ni 6,000,000. Haziwezi kugharimia kongamano la kimataifa. Mfadhili, naye, hulipia warsha aipendayo na kuweka jina lake ukutani. Ni nadra kupenda kulipia stempu, ukaguzi wa hesabu, na karani wa kutunza orodha. Vitu hivyo visivyo na picha ndivyo ada ilivyowekewa.

Wala lawama si ya viongozi peke yao. Kuna aina ya mwanachama ambaye hulipa mwaka wa kongamano kwa sababu bila stakabadhi hasomi makala yake, kisha hatoweki sana wala haonekani sana, mpaka kongamano jingine likaribie nyumbani kwake. Huyu ni mnunuzi wa cheti. Kuna na wale walipao ada ya maisha mara moja, na mweka hazina akaitumia yote mwaka uleule kwa chai na mabango. Miaka kumi baadaye chama kina wanachama wa maisha wanaodai jarida, na hakina cha kulichapia. Fedha za ada ya maisha ni akiba, hutumika faida yake tu. Kuna hatari nyingine ambayo vyama vya nchi nyingi huivumilia kama homa: watia sahihi watatu wa akaunti wako katika nchi tatu, uchaguzi unafanywa, viongozi wanabadilika, benki inataka sahihi mpya, na kwa miezi fedha zimelala. Hapo ndipo mtu mwema hujitolea kupokea ada katika simu yake mwenyewe. Wema huo ukatazwe katika katiba ya chama, maana siku atakapofariki au kugombana na wenziwe hapatakuwa na daftari.

Mkutano mkuu wa mwaka hupewa saa moja ya mwisho, baada ya makala hamsini na kabla ya basi la uwanja wa ndege. Hesabu husomwa kwa haraka, mara nyingi kwa Kiingereza, katika mkutano wa Kiswahili. Isomwe siku ya kwanza, asubuhi, kwa lugha ya chama, na karatasi yake imfikie kila mlipa ada mwezi mmoja kabla, aliyepo na asiyekuwapo. Mwalimu wa Ngamiani aliyelipa shilingi 20,000 kwa simu apewe nafasi ya kuuliza bakaa ya kongamano lililopita iko wapi, na mweka hazina amjibu kwa tarakimu.