Vitufe Visivyo na Majina

Simu ya iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007, wengi wetu tulidhani wasioona wamefungiwa mlango. Simu za awali zilikuwa na vitufe, na kile cha tarakimu 5 kilikuwa na kinundu cha kupapasa. Kioo kitupu kina nini? Lakini mwaka 2009 iPhone ilitiwa VoiceOver, na simu za Android zikapata TalkBack. Kidole kikipita juu ya kioo, simu hutaja kilichopo. Ukigonga mara mbili, hufungua.

Basi lawama si ya kioo tena. Mwanafunzi wangu asiyeona huandika ujumbe upesi kunishinda, nami sioni haya kukiri. Juzi alikuwa akijaza ombi la nafasi ya chuo katika programu ya simu. Kila alipogusa, sauti ilitaja kitufe, kitufe, kitufe. Aliyeiunda alichora picha za kupendeza, asivipe vitufe majina. Ikambidi kijana aniite nimsomee, hata nikaijua nambari yake ya siri.

Kukipa kitufe jina ni kazi ya mstari mmoja tu. Isitoshe, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Walimu wenzangu wa kompyuta, mbona hatulitahini jambo hili? Mwanafunzi na afungwe kitambaa machoni, awashe TalkBack, kisha aitumie programu aliyoiunda mwenyewe. Asipofika mwisho, asipewe alama.