SHIKAMOO NDIYO, LAKINI NA MACHO PIA

Huku Uingereza baridi imeanza kupiga hodi, na watoto wanahesabu siku za kuja kula Krismasi na bibi yao.

Kabla hatujapanda ndege nina hoja moja. Nimesikia kwenye simu kwamba wanangu wameshakuwa Wazungu. Kisa ni kwamba safari iliyopita binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alimwamkia mgeni shikamoo, akampa mkono, lakini akakataa kupakatwa. Wengine mliona ni utovu wa adabu. Mimi nasema ni hekima, na nitaeleza kwa Biblia, siyo kwa Uzungu.

Yesu alipowatuma wanafunzi wake, katika Mathayo sura ya 10, aliwataja viumbe wawili wa kuigwa: nyoka kwa busara yake, na hua kwa upole wake. Sisi Waswahili tunamfundisha mtoto uhua peke yake. Salimia, tii, usijibu wakubwa. Busara ya nyoka tunaiacha, tukidhani itakuja yenyewe akikua. Matokeo yake mtoto anaamini kwamba kila mtu mzima ni wa kutiiwa kwa kila jambo, awe mjomba, mwalimu au mtumishi wa Mungu.

Kasomeni 2 Samweli sura ya 13, habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye ibada ya watoto. Amnoni alijifanya mgonjwa, akamwomba baba yake, Mfalme Daudi, amruhusu Tamari aje kumpikia. Daudi akamtuma binti yake, naye akatii. Yaliyompata huko mnayajua. Tamari alikataa waziwazi, tena kwa maneno ya busara, lakini hakusikilizwa. Daudi alikasirika, ila hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe. Absalomu akamwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa yule ni ndugu yake. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni.

Angalieni vizuri: hakuna mgeni hata mmoja pale. Hata Yonadabu, aliyetoa ule ushauri mbaya, alikuwa binamu yao. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Uchunguzi mkubwa kuhusu unyanyasaji wa watoto England na Wales ulitoa ripoti yake ya mwisho Oktoba 2022. Ulichunguza pia Kanisa la Anglikana na Kanisa Katoliki, na ukaona kwamba mara nyingi viongozi walilinda sifa ya kanisa kuliko kumlinda mtoto. Yaani yale yale ya Absalomu: nyamaza, ni ndugu.

Ndiyo maana nyumbani kwetu tuna sheria chache. Kwanza, sehemu zinazofunikwa na chupi ni za mtoto mwenyewe. Hili hata shirika la NSPCC la huku limekuwa likiwafundisha watoto wadogo tangu mwaka 2013. Pili, siri ya zawadi ya bethidei ni sawa kwa sababu kesho itajulikana, lakini siri ya kumficha mama siku zote ni lazima isemwe, hata aliyeiomba awe mchungaji. Tatu, tuna neno letu la familia. Anayekuja kuwachukua shuleni bila kulijua, hawaondoki naye. Nne, anayewatumia ujumbe kwenye simu au kwenye gemu akidai ni mtoto mwenzao, wanatuonyesha kwanza.

Mtasema tunawajaza watoto woga. Hapana. Mtoto anayejua la kufanya na nani wa kumwambia haogopi ovyo. Na kukesha siyo kazi ya mtoto, ni yetu. Tamari alisema, wakubwa ndio walioshindwa. Mzee Eli, pamoja na udhaifu wake wote, alimwambia kijana Samweli asimfiche neno lolote, ingawa habari yenyewe ilikuwa mbaya kwa Eli mwenyewe. Huyo ndiye mtu mzima ambaye kila mtoto anamhitaji.

Kwa hiyo naomba Krismasi hii watoto wote wa ukoo, siyo wangu tu, waruhusiwe kusema hapana bila kuchekwa. Na mtoto akikuletea jambo zito, usianze na "usimchafulie mjomba jina". Msikilize mpaka mwisho. Mkihitaji msaada, Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, na kupiga ni bure. Iandikeni ukutani, karibu na ile kalenda ya kanisa.

Naomba kutoa hoja. Asiyekubaliana nami aje, tubishane kwa upendo. Mbarikiwe.