Bega Lililoganda Lisimfukarishe Mkulima

Yapo maradhi yanayoua, na hayo Serikali na wananchi huyapiga vita kwa haki na kwa nguvu zote. Lakini yapo pia maradhi yasiyoua, ambayo humwacha mtu hai huku yakimnyang'anya kazi yake, usingizi wake na uwezo wake wa kujitegemea. Haya hayatajwi mkutanoni wala hayatengewi fungu. Leo tunapenda kuzungumzia mojawapo, nayo ni kuganda kwa bega.

Maradhi haya huanza kimya kimya. Bega huuma, hasa usiku, na mgonjwa hawezi kulilalia. Baada ya miezi michache maumivu hupungua, lakini mkono hukataa kunyanyuka. Mwanamke hushindwa kujifunga kanga au kusuka nywele zake, na mwanamume hushindwa kuvaa shati au kuinua mikono yake sawasawa wakati wa takbira. Kinachotokea ni kwamba mfuko laini unaokizunguka kiungo cha bega huwaka, kisha hukakamaa na kusinyaa. Daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani, ndiye aliyeyapa maradhi haya jina la bega lililoganda mwaka 1934, naye mwenyewe alikiri kuwa ni magumu kuyaeleza na magumu kuyatibu. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wagonjwa wa kisukari kuliko wote.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza kwa nini tunaielekeza kalamu yetu Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Jibu ni kwamba kipimo cha huduma ya afya katika Taifa hakichukuliwi mahali palipo na hospitali kubwa, bali huchukuliwa mbali nayo. Mkoa wa Kigoma ndio ambao ukoloni uliufanya ghala la manamba wa mashamba ya mkonge. Mabega ya Waha yalijenga utajiri wa wengine. Hata leo mahindi, maharage na muhogo wa nyanda hizo hutoka katika jembe la mkono, na jembe la mkono haliinuki bila ya bega. Katika jambo hili mkulima wa Kibondo hana tofauti na mchumaji wa karafuu wa Pemba, mvuvi avutaye nyavu, au mama wa Paje anayelima mwani. Wote wanakula kwa mabega yao.

Basi zipo tiba gani, na ipi inamfaa nani?

Ya kwanza ni kungoja. Wapo wasemao kuwa bega hujifungua lenyewe. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Wagonjwa wengi hupata nafuu, lakini safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na baadhi yao hubaki na ugumu fulani kwa muda mrefu zaidi. Mtu wa mshahara anaweza kungoja miaka miwili. Kwa mkulima, miaka miwili ni misimu miwili ya kilimo, na misimu miwili bila ya shamba ni njaa na deni.

Ya pili ni dawa za kutuliza maumivu. Hizi humwezesha mgonjwa kulala na kufanya mazoezi, lakini hazifungui kiungo. Tena zile kali, zikimezwa miezi mingi bila ya ushauri, huumiza tumbo na figo.

Ya tatu ni mazoezi: kuinama na kuuning'iniza mkono huku ukiubembeza polepole, kupandisha vidole ukutani kama mtu apimaye kimo, kuusukuma mkono mgonjwa kwa fimbo iliyoshikwa na mkono mzima, na kuuvuta nyuma ya mgongo kwa kanga. Hufanywa kila siku, kwa upole wakati wa maumivu na kwa bidii zaidi maumivu yakishatulia.

Ya nne ni sindano ya dawa ya jamii ya kotizoni inayochomwa ndani ya kiungo chenyewe, si ile ya takoni inayotolewa ovyo madukani. Hii hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, hasa ikitolewa mapema, na huyafungulia mazoezi njia. Yahitaji mkono uliofundishwa na usafi kamili, na kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Ya tano ni kumlaza mgonjwa kwa nusu kaputi na kulinyoosha bega kwa nguvu, na ya sita ni upasuaji wa tundu dogo unaoukata mfuko uliosinyaa.

Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliowagawa wagonjwa 503 wa hospitali 35 katika mafungu matatu: la upasuaji, la kunyooshwa chini ya nusu kaputi, na la mazoezi yaliyopangwa pamoja na sindano. Baada ya mwaka mmoja mafungu yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti baina yao haikuwa ya kutosha kusema kuwa mojawapo limeyashinda mengine waziwazi. Madhara makubwa yalihesabiwa 10, na 8 kati ya hayo yalikuwa katika fungu la upasuaji.

Wachunguzi hao waliona pia kuwa kunyoosha chini ya nusu kaputi ndiko kunakolipa zaidi kwa gharama. Hapa ndipo tunapowasihi viongozi wetu wasome kwa makini. Hesabu hiyo ilifanywa kwa bei za Uingereza, katika nchi ambayo mtaalamu wa usingizi na mtaalamu wa mazoezi tiba hupatikana katika kila hospitali kubwa, na mgonjwa hurudi kwake jioni kwa barabara nzuri. Mwananchi wa Kibondo yuko zaidi ya kilometa 200 kutoka Kigoma mjini. Kwake bei ya tiba huanzia kwenye nauli, kisha chakula cha msindikizaji, kisha siku ambazo shamba halikulimwa. Hata yale mazoezi ya Uingereza yalipangwa kufikia mara 12 katika wiki 12 mbele ya mtaalamu. Mwambie mama wa kijijini asafiri mara 12, naye atauza mbuzi wake kwa ajili ya safari tatu za kwanza, kisha ataacha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: tiba ya kwanza kwa mwananchi wa Kasulu na Kibondo, kama kwa mwananchi wa Micheweni, iwe ni mazoezi yanayofundishwa vizuri mara moja au mbili karibu na nyumbani, yakafanywa nyumbani, na kukaguliwa kila mwezi katika zahanati. Sindano ipatikane katika hospitali ya wilaya kwa anayeumia sana. Nusu kaputi na kisu vibaki kwa wachache ambao bega limekataa baada ya miezi ya juhudi. Hatusemi hivi kwa kuridhika na duni. Uchunguzi uliotajwa umeonyesha kuwa njia ya mazoezi na sindano si ya maskini tu, bali ni tiba kamili.

Twajua pia kuwa wengi huanzia kwa mkandaji, kwenye chale au kwenye hijama. Tulifundishwa chuoni kuwa kila maradhi yana dawa yake, lakini hatukufundishwa kuwa kila dawa ni ya kila maradhi. Kukandwa kwa upole na maji ya moto hufariji. Kuvutwa bega kwa nguvu wakati linawaka huliongezea maumivu, na wembe uliotumika kwa mwingine huleta maradhi makubwa kuliko lile lililopelekwa.

Tunawaomba wenye mamlaka mambo manne. Kwanza, kila anayefika na bega lililoganda apimwe sukari, kwani huenda bega ndilo lililokuja kutoa habari za kisukari kisichojulikana. Pili, matabibu wa zahanati wafundishwe kulitambua bega hili, na kulitofautisha na bega lililoteguka kwa kuanguka, lenye homa na uvimbe, au maumivu yanayoambatana na kifua, ambayo yote hayangoji. Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Bara mwaka 2024, wafundishwe mazoezi haya manne. Nne, mazoezi tiba yahesabiwe kuwa tiba halisi katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 huko Bara, na katika mipango ya afya ya Visiwani, ambako matibabu yalitangazwa kuwa haki ya kila mnyonge baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo jipya au mashine kutoka ng'ambo. Yanahitaji mafunzo ya siku chache, kipimo cha sukari, fimbo na ukuta. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kuwa wananchi wakielezwa jambo kwa lugha yao, hulitenda. Viongozi wa wilaya na wa mikoa, Bara na Visiwani, waanze na hili dogo kabla ya msimu ujao wa kilimo.